Karatasi Mlangoni, Stechford

Uingereza, tundu la barua lililotobolewa mlangoni ni mali ya mwenye nyumba, na mtu yeyote aweza kutia karatasi humo bila stempu wala kibali cha posta. Marekani sivyo. Huko sheria ya mwaka 1934 inakataza kuweka kitu kisicholipiwa ndani ya kisanduku cha barua cha mtu. Jumuiya za wakazi wa Greenburgh, jimbo la New York, zilipozuiwa kugawa taarifa zao kwa mkono zilipanda mahakama hadi mahakama mpaka ile ya juu kabisa, na mwaka 1981 zikashindwa. Waliozigawa taarifa zile ni watu wa aina ile ile unaowaona Stechford, mashariki mwa Birmingham, mfuko begani, wakitoka geti moja na kuingia jingine na kijarida cha mtaa: wastaafu, akina mama, vijana wa kanisani na wa msikitini, wote wakifanya bure. Stechford sheria iko upande wao. Wenye milango, wengi wana neno.

Neno hilo nimelipa sauti nne. Si watu fulani ambao msomaji anaweza kuwatafuta. Ni hoja zinazozunguka milango ile, nami nimezitia vinywani mwa Waswahili wa mji ule ili zijibizane kwa lugha yetu. Mgawaji ni mama wa makamo, asili yake Mombasa. Muuguzi ni binti wa Kitanzania anayefanya zamu za usiku. Mzee alitoka Unguja, akapeleka barua Birmingham mpaka akastaafu. Baba ni Mkongo wa Bukavu, anaishi ghorofani na mkewe na watoto. Mimi nitaingilia kati kila nitakapoona haja, kwa sababu jambo hili nina msimamo nalo na sitaki kuuficha.

MUUGUZI: Mama, nakuheshimu na kazi yako naiheshimu. Lakini natoka kazini saa moja na nusu asubuhi. Mpaka nioge, nile, nifunge mapazia, saa tatu. Saa tano kile kibati cha mlangoni kinapiga paa! Kina springi kali, mlango mzima unalia, na mbwa wa nyumba ya pili anaanza. Nikiteremka nakuta karatasi. Nimebandika kibandiko pale pale juu ya tundu: hakuna vipeperushi. Kimeandikwa kwa herufi kubwa.

MGAWAJI: Nimekiona, mwanangu. Nilidhani kinawakataa wauza piza na watengeneza madirisha. Sisi hatuuzi kitu. Kijarida kinakwambia mkutano wa polisi na wakazi ni lini, wapi wanafundisha Kiingereza bure, bwawa la kuogelea limebadili saa, nani wa kumpigia mti ukiangukia njia.

MUUGUZI: Kila anayetia karatasi mlangoni kwangu anaamini kwamba yake si takataka. Hata muuza piza.

Hapo namuunga mkono Muuguzi bila kusita. Sheria ya Uingereza inamhesabu mtu anayepita kwenye kijia cha mbele kwenda mlangoni kwa jambo la halali kuwa amekaribishwa, ijapokuwa hakuna aliyemwita. Mahakama ililisema hilo waziwazi mwaka 1967 katika kesi ya Robson na Hallett. Lakini ukaribisho huo ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaweza kuuondoa. Kibandiko ni kauli yake. Mgawaji anayesimama mbele ya kauli hiyo na kuamua mwenyewe kipi ni kipeperushi na kipi sicho, amejipa mamlaka ambayo hakupewa na mtu. Kibandiko kikikataa matangazo ya biashara tu, kijarida cha mtaa kina haki ya kuingia mara moja na kujitambulisha. Kikikataa vipeperushi, mgawaji apite. Sioni cha kujadili zaidi.

MZEE: Mimi nianze mbali kidogo. Mtu aliyesababisha milango ya nchi hii itobolewe ni wa upande huu huu. Rowland Hill alizaliwa Kidderminster mwaka 1795, akakulia Birmingham, baba yake akiwa na shule hapa. Kabla ya mageuzi yake ya mwaka 1840 aliyepokea barua ndiye aliyelipa kwa kawaida, basi mpeleka barua alibisha, akasubiri, akahesabu senti, akaondoka. Stempu ilipokuja, ikawa amekwisha kulipwa kabla hajafika. Hana haja ya kumwona mtu. Kwa hiyo posta ikaanza kuwasihi watu watoboe milango. Na watu walikasirika! Husimuliwa kwamba Marquess of Londonderry aliuliza kama kweli wanamtarajia autoboe mlango wake wa mahogani.

MGAWAJI: Kumbe ugomvi wenyewe ni wa zamani.

MZEE: Wa zamani, na sababu ni ile ile. Kwetu Unguja unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, wala huulizi. Tundu hili linampa mtu ruhusa ya kuingiza mkono bila hodi. Ndiyo maana mpeleka barua anafundishwa adabu. Geti ulikute lilivyo, uliache lilivyo. Usikate njia juu ya majani ya mtu kutoka nyumba hii kwenda ya pili, hata kama hakuna ua katikati. Usichungulie dirishani. Karatasi iingie yote mpaka isikie sakafu, isibaki ulimi nje. Ikibaki nje, mvua inaingia nayo, baridi inaingia nayo, na mwizi anayepita anaona kwamba humu hawamo.

BABA: Mzee, hiyo ya mwisho ni kweli kabisa. Tulisafiri wiki mbili, tukarudi tukakuta karatasi tano zimening'inia mlango wa chini. Ni kama tulitangaza.

MGAWAJI: Lakini Mzee, wewe ulikuwa na barua ngumu. Kijarida ni karatasi laini, na milango ya siku hizi ina brashi mbili za kuzuia upepo. Ukisukuma, inajikunja na kukwama. Ukitaka ifike ndani lazima utie vidole. Na ndani kuna mbwa.

MZEE: Chukua mwiko.

MUUGUZI: Mwiko wa kupikia?

MZEE: Mwiko wa mbao, ule mpana. Unakunja karatasi juu yake, unausukuma ndani, unauchomoa. Watu wa vyama wanaogawa karatasi za uchaguzi wanautumia sana. Kidole hakiingii kabisa. Mbwa akiuma, anauma mti. Nimewaona wenzangu waliopoteza ncha za vidole. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi.

Silichukulii kwa wepesi. Sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 iliongezwa meno mwaka 2014 ili iguse hata kinachotokea ndani ya nyumba ya mtu, na mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwenye mbwa anawajibika mbwa akimng'ata anayetia karatasi kwenye tundu la mlango, awe yeye yupo nyumbani au hayupo. Uamuzi ule ulitokana na mpeleka barua, lakini kidole cha mama anayejitolea hakina thamani pungufu. Mwenye mbwa anayedai adabu kwa mgawaji ana deni lake pia: kikapu cha waya nyuma ya tundu, au kisanduku kilichopigiliwa ukutani nje. Na kuna milango ambayo tundu lake liko chini kabisa, karibu na kizingiti. Kiwango cha Ulaya kinataka tundu liwe kati ya sentimita 70 na sentimita 170 kutoka ardhini, lakini ni pendekezo tu. Vicky Ford, wakati huo mbunge, alipeleka bungeni muswada wa kupiga marufuku matundu ya chini Januari 2019, haukufika popote. Mgongo wa mstaafu anayeinama mlango baada ya mlango ndio unaolipa.

MUUGUZI: Haya, vidole na migongo nawaonea huruma. Lakini mimi nina swali jingine. Hiyo karatasi nikishaisoma naiweka wapi? Mnajua hali ya mapipa hapa.

Anachokitaja kinajulikana dunia nzima sasa. Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza rasmi mwezi Septemba 2023 kwamba fedha hazitoshi, na wazoa taka wa chama cha wafanyakazi cha Unite waliingia mgomo kamili tarehe 11 Machi 2025. Ukusanyaji wa karatasi, chupa na makopo kwa ajili ya kutumiwa upya ulisimamishwa mwaka huo. Familia ikabaki na lundo la makaratasi kwenye korido, panya wakifanya sherehe kwenye mifuko iliyorundikana barabarani. Katika hali hiyo, anayekuletea karatasi amekuletea kazi.

MGAWAJI: Na sisi ndio tuliokuwa tunawaambia watu gari la taka litasimama wapi, na saa ngapi! Mwanangu, karatasi moja yenye habari ya taka si taka.

MUUGUZI: Habari hiyo niliipata kwenye simu. Kuna kundi la WhatsApp la mtaa.

BABA: Dada, nani alikutia kwenye kundi?

MUUGUZI: Jirani.

BABA: Mimi hakuna aliyenitia. Nilipofika hapa sikumjua mtu. Simu ninayo, lakini kundi lina mlango wake, na mlango huo anaufungua mtu anayekujua. Karatasi ilinikuta bila kunijua. Iliandikwa Kiingereza, mimi nasoma Kifaransa na Kiswahili. Binti yangu wa miaka tisa alinisomea. Ndipo nilipojua kuna darasa la Kiingereza, na mke wangu akajiandikisha. Kwa hiyo mnapojadili kama karatasi iingie au isiingie, mnijadili na mimi.

Maneno ya Baba ndiyo uzito wa kijarida, na nimeyaweka mbele ya hoja nyingine zote za kukitetea. Mwezi Machi 2020, korona ilipofunga nchi, ni kadi za karatasi zilizoenea mitaani Uingereza: jirani aliandika jina lake na namba yake, akasema ninaweza kukununulia dawa, akaitumbukiza mlangoni. Bibi aliyeishi peke yake hakutafutwa kwa kiungo cha intaneti. Alitafutwa kwa tundu la mlango wake. Birmingham ina watu zaidi ya milioni 1.1 na wapangaji huhamahama. Chombo pekee kinachomfikia mtu kwa sababu tu anakaa hapo, si kwa sababu anafahamiana na mtu, ni hiki cha karatasi.

Lakini Mzee ana jambo ambalo vijana wa kujitolea hawalifikirii, na nataka asiharakishwe.

MZEE: Tundu halichagui. Ninyi mnazungumzia piza na kijarida. Waliokuwa Stechford mwaka 1977 wanakumbuka karatasi nyingine. Roy Jenkins aliiwakilisha Stechford bungeni tangu mwaka 1950. Alipoondoka kwenda kuongoza Tume ya Ulaya, ukapigwa uchaguzi mdogo tarehe 31 Machi 1977. Andrew MacKay wa chama cha Conservative alishinda. Wa tatu alikuwa nani? Mgombea wa National Front, chama kilichotaka watu wa rangi yetu warudishwe makwao. Kiliwashinda Waliberali! Na kura hutafutwa kwa karatasi. Fikirini mama wa Kipakistani au wa Kiafrika anasikia kibati kinapiga, anashuka ngazi, anaokota karatasi inayomwambia aondoke. Imeingia nyumbani kwake. Iko juu ya zulia lake.

MGAWAJI: Mungu wangu.

MZEE: Na karatasi ilikuwa nafuu. Miaka ile katika nchi hii petroli ilimiminwa kwenye matundu ya milango ya wahamiaji, na matambara yanayowaka, na kinyesi. Kuna waliolikomea tundu kwa ubao na misumari. Kwa hiyo unapokutana na mzee ambaye hataki kitu kiingie mlangoni mwake, usiseme ana kiburi. Hujui aliwahi kuokota nini.

Baada ya kumsikia Mzee ninaona sharti moja la lazima kwa kila kijarida: juu ya ukurasa wa mbele kiseme ni cha nani. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1983 inailazimisha karatasi ya kampeni kuonyesha jina na anwani ya aliyeichapa na aliyeitoa. Kijarida cha mtaa hakibanwi na sheria hiyo kama hakigusi uchaguzi, lakini kinapaswa kujibana. Vyama navyo vimevuruga mambo. Tangu Waliberali wa Liverpool waone kwamba karatasi yenye habari za mashimo ya barabarani na taa zilizokufa huleta kura, vyama vyote vimejifunza kuvisha kampeni nguo ya gazeti la mtaa. Mkazi anaikuta picha ya mgombea akinyoosha kidole kwenye shimo, anaamini ni habari. Akishadanganyika mara mbili, cha kweli nacho anakitupa bila kukisoma. Anayemharibia mgawaji wa kujitolea kazi yake ni huyo, kuliko hata mbwa.

BABA: Mimi kwetu ghorofani kuna tatizo ambalo ninyi wa nyumba za chini hamlijui. Mlango mkuu hufunguliwa kwa namba ya siri. Mgawaji anabonyeza kengele zote mpaka mmoja achoke afungue. Halafu anaacha fungu zima juu ya kisanduku cha mita za umeme. Kesho yake ziko sakafuni, zimekanyagwa.

MGAWAJI: Kwa ghorofa nakubali tumeshindwa. Kubonyeza kengele za watu wote ni kuwaudhi, kutobonyeza ni kuwatenga.

MZEE: Mpeni mmoja wa ndani. Baba huyu ana funguo. Yeye achukue za jengo lake, apite milango akiwa na kandambili zake.

Hilo la Mzee ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo, na ni pana kuliko ghorofa ya Baba. Naamini nusu ya malalamiko ya mlangoni yanatokana na kwamba anayegawa hatoki mtaa huo. Anapewa mfuko, anapewa ramani, anaambiwa Station Road upande huu na Albert Road upande ule, naye anaharakisha amalize kabla mvua haijaanza. Hajui nani analala mchana, geti lipi bawaba yake imevunjika, mbwa yuko wapi. Anayekaa hapo anajua. Nyumba zilizoshikana za Stechford zina milango iliyokaribiana sana. Mtu mmoja aliyejitolea kwa safu yake tu anamaliza kabla chai haijapoa, na hana haja ya mwendo wa mbio.

MUUGUZI: Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

MGAWAJI: Unakataa jirani yako?

MUUGUZI: Nakataa jirani kujua. Nimekulia kwenye mtaa wenye balozi wa nyumba kumi, mama. Najua faida yake, na najua adha yake. Balozi wetu alimjua mgeni wako kabla hujamchemshia chai. Mgeni anayegawa karatasi haniulizi kwa nini pazia langu limefungwa saa tano. Jirani ataniuliza. Nikimwambia sitaki kijarida, atakwenda kusema yule binti anajiona. Nilipohama nilikuwa natafuta kitu ambacho nyumbani sikuwa nacho: kutojulikana. Msinipokonye kwa sababu ya bawaba ya geti.

MZEE: Binti anasema kweli.

Anasema kweli, na sitajifanya kwamba hoja yake inayeyuka mbele ya yangu. Mtaa unaokujua unaweza kukutafuta ukiugua na unaweza kukusengenya ukiwa mzima, na ni watu wale wale. Hata hivyo nabaki pale nilipo. Mgeni mwenye mfuko naye anajua kitu: anaona kibandiko chako, anaona barua zilizolundikana, anaona kamera ya kengele. Tofauti ni kwamba yeye hawajibiki kwa yeyote kesho. Jirani atakutana nawe kituo cha basi namba 11, na akikukosea utamwambia usoni.

MGAWAJI: Basi wanaokataa tuwaandike. Orodha ikae kwa msimamizi.

MUUGUZI: Orodha ya majina?

MGAWAJI: Jina, nyumba, na sababu, ili anayekuja kushika zamu aelewe.

MUUGUZI: Sababu ya nini? Mmoja anakataa kwa sababu analala, wa pili kwa sababu mumewe anafungua kila karatasi, wa tatu kwa sababu ya yale aliyoyasema Mzee. Hakuna hata mmoja anayepaswa kulieleza hilo kwa msimamizi wa kijarida.

MZEE: Sisi posta tuliyashika kichwani.

MGAWAJI: Na ukiugua, Mzee, kichwa chako anakishika nani?

BABA: Andikeni namba ya nyumba peke yake. Mgawaji anahitaji kujua mlango wa kuruka, basi. Na namba ya simu ya kukataa iwe juu ya ukurasa wa kwanza. Mmeificha nyuma, chini ya tangazo la fundi bomba.

MGAWAJI: Nafasi ya mbele ni ya habari.

MUUGUZI: Mama, hiyo ndiyo habari.

MGAWAJI: Haya. Toleo lijalo itakuwa juu, mbele. Namba za nyumba tu, bila majina, bila sababu. Na barabara yako nani atagawa?

MUUGUZI: Mtafute mwingine. Na namba ya kwanza kwenye orodha iwe yangu.